Nukta Katika Chumba cha Sita

Kwenye dari ya kiwanda cha kugandisha samaki, Mwanza, palikuwa na masikio mia mbili. Ndivyo wafanyakazi walivyoviita vile vidude vyeupe, kila kimoja saizi ya kifuniko cha chupa. Kila mtu alivaa kipini kifuani mwa koti. Kipini kilirusha mawimbi, masikio yakapima yamechukua muda gani kufika, na kwenye kioo cha kompyuta mtu akageuka nukta. Kosa la kipimo halikuzidi upana wa kiganja.

Lakini nukta ilikuwa ya kipini, si ya mtu, na wafanyakazi walilijua hilo. Mashine ilimwandika mvivu kila aliyesimama dakika kumi. Basi walishikiana vipini: mmoja anajinyoosha, mwenzake anazunguka na viwili.

Siku moja Nyamizi, dada yake fundi Masalu, alimwachia shoga yake Sikujua kipini ili apumzike. Akakumbuka glavu zake chumba cha sita, cha kugandishia, akazifuata. Mlango haukuona nukta ndani, ukajifunga. Masalu, aliyemwona akiingia, alimsihi meneja Kamugisha afungue, maana ufunguo alikuwa nao yeye tu. Kamugisha alitazama kioo.

"Nukta ya dada yako iko kantini. Rudi kazini, bwana."

Walimtoa jioni, mgumu kama sato.

Masalu alingoja miaka miwili. Alisoma mitambo mpaka akakabidhiwa kioo kikubwa na funguo zote. Kila asubuhi alimwamkia Kamugisha kwa adabu, na kila asubuhi alimwona akilini amegandishwa.

Alhamisi, saa nne, nukta ya Kamugisha iliingia chumba cha sita peke yake. Masalu aliivuta kwa kidole, akaiweka ofisini kwake, kitini. Mlango ukaona chumba kitupu, ukajifunga. Akajimiminia chai. Alitaka mtu yule apige kelele huku kioo kikimkana.

Hajafika nusu kikombe, mtu akaingia nyuma yake.

"Masalu, umemwona Sikujua?"

Alikuwa Kamugisha, na shati tu.

"Koti lako liko wapi, mzee?"

"Nimempa yeye. Lake limekatika zipu. Tangu yale ya dada yako, sipendi mtu aingie mle na koti bovu." Akainamia kioo. "Aa, kumbe ameshatoka. Huyu hapa, kwa fundi cherehani wa kiwanda. Basi."

Kwa fundi cherehani palikuwa na koti bovu la Sikujua tu, na kipini juu yake. Masalu angenyamaza tu, na hakuna ambaye angejua. Alifikiria hivyo, kwa muda wa kuweka kikombe chini. Kisha akakimbia chumba cha sita, Kamugisha nyuma yake.

Mlango ulipofunguka, Sikujua aliwaangukia, kope nyeupe, koti la meneja likimning'inia. Kioo kidogo cha mlangoni kilisema Kamugisha yuko ofisini. Kamugisha alikisoma mara mbili, akatazama koti lake, akamtazama Masalu.

"Umenihamisha."

"Wewe," Masalu alisema. "Si yeye."

Sikujua alitikisika sana kabla sauti haijatoka.

"Niligonga," alisema. "Niligonga sana."

Miaka miwili yote Masalu alitaka Kamugisha asikie neno hilo. Hakupanga kulisikia yeye, ufunguo ukiwa mkononi mwake.