Glenys Alipoliosha Gari Lililofutwa

Ndugu zangu wenye magari makuukuu, sogeeni. Haya yalitokea bondeni kwetu, huku Wales, na aibu yake ni yetu sote.

Jumapili moja nyumba ya Glenys Prosser ilinukia nyama ya kondoo ya kuoka. Mumewe, Emrys, alikuwa dirishani akimchokoza.

"Ukizidi kuikausha hiyo, mama, tutashonea viatu."

Glenys akacheka. Nje lilikuwa limeegeshwa gari lao dogo la buluu, la miaka kumi na saba. Figo za Emrys zilikuwa zimegoma, na gari hilo ndilo lililompeleka hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Basi la bondeni hupita likijisikia.

Mara kishindo! Bwana Beddoe, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa akirudi nyuma na gari lake, akaugonga mlango wa lile la buluu. Ukabonyea kama kopo lililokanyagwa. Lakini ulifunguka, ukafungika, na injini ikanguruma vilevile. Beddoe akaomba radhi. Glenys naye akaomba radhi, eti aliegesha vibaya!

Siku ya tatu akapigiwa simu na kijana wa kampuni ya bima iliyopewa taarifa ya ajali.

"Mama, gari lako tumelifuta."

"Mmelifuta? Mwanangu, mbona linatembea? Jana tu limetufikisha hospitali."

"Kutembea linatembea. Ila kulitengeneza ni ghali kuliko thamani yake. Tutakulipa thamani hiyo, na lori litakuja kulichukua Alhamisi. Sawa?"

Glenys akaikumbuka hospitali. Ijumaa Emrys ataendaje? Swali lilimfika ulimini, likakwama hapo. Kwetu mtoto hufundishwa jambo moja kabla hata ya kusoma: usisumbue watu.

"Sawa," akasema. "Asante sana, na samahani kwa usumbufu."

Umesikia, msomaji? Anayenyang'anywa ndiye anayeomba radhi!

Hata Dilwyn, mtoto wa kaka yake, ambaye ni fundi magari, hakumwambia, asije akamsumbua. Jumatano aliliosha gari lile, akafuta viti na vioo, lisije likaondoka chafu watu wakamsema. Alhamisi akamwandalia dereva wa lori chai na keki. Gari likapanda lori liking'aa, na kibandiko cha kwaya ya Emrys kingali kwenye kioo cha nyuma.

Jioni Dilwyn akapita.

"Shangazi, gari liko wapi?"

"Wamelichukua watu wa bima. Ule mlango."

"Mlango? Mlango wa mtumba ningeufunga nusu siku, nikabaki na muda wa kunywa chai! Na ungewaambia unabaki na gari lako, wakakukata kidogo kwenye malipo. Hukuuliza?"

"Sikujua kama inaulizwa."

Ijumaa asubuhi Glenys aliwapigia simu watu wa bima. Kijana akamjibu kwa upole, "Ulishakubali, mama. Limeshakwenda mnadani."

Malipo yalipofika hayakutosha kununua gari lolote la kuaminika. Orodha ya kusubiri gari la hospitali linalowafuata wagonjwa majumbani ilikuwa ndefu. Wakabaki na basi. Juma la kwanza halikutokea mara mbili. Miguu ya Emrys ikavimba, pumzi ikawa ya kukwangua. Glenys akawa hapati usingizi, anahesabu pumzi hizo. Mara ya tatu Emrys alibebwa na gari la dharura, akalazwa siku tisa. Alipona, lakini alirudi akiwa nusu ya mtu.

Wiki sita baadaye walikuwa kituoni, mvua inawachapa. Likapita gari dogo la buluu lenye mlango mmoja mweupe, linakwenda mbio bila kukohoa. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kibandiko cha kwaya.

Emrys alilitazama hadi likapotea konani.

"Angalau," alisema, "uliliosha vizuri."

Safari hii Glenys hakucheka.

FUNZO

Gari kufutwa kwenye karatasi za bima si kufa kwa gari. Kabla ya kusema "sawa", uliza: thamani hii mmeipataje? Naweza kubaki nalo? Kisha mwite fundi unayemwamini, naye athibitishe kama ni salama barabarani. Adabu ni pambo jema, lakini adabu isiyojua kuuliza humwacha mgonjwa wako kwenye mvua.