Mshenga Alisema Mengi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya migomba ya Kayanga, baridi iling'ata vidole, na jua lilichelewa kama mgeni mwenye haya.

Sokoni, Profesa Placida alisimama mbele ya rundo la mananasi. Alivaa gauni la kitenge cha bluu, na simu yake ilikuwa ikirekodi.

"Nanasi tamu kuliko shemeji! Njoo uonje, usije ukasimuliwa!" Dastan, mwenye mananasi hayo, alinadi. Kisha akaiona simu. "Mama, kama ni ushuru, nimeshatoa."

Placida alicheka. "Mimi si mtu wa ushuru. Nafundisha balagha na utunzi, chuo kikuu kule Mwanza."

"Balagha ndiyo nini?"

"Jinsi maneno yanavyomvuta mtu. Ndiyo maana nakurekodi ukinadi."

"Basi na mimi ni profesa. Onja, mwalimu mwenzangu."

Alionja. Maji ya nanasi yakamchirizika hadi kwenye kiwiko, na hakuyafuta. Mungu ana njia zake.

Placida alianza kama mwalimu wa shule ya msingi Bugene. Alisoma masomo ya jioni, shahada moja baada ya nyingine, huku akisali rozari njiani. Sasa alikuwa ameteuliwa kuongoza idara yake. Tangu siku ile ya sokoni, Dastan, mkulima wa Kanoni ambaye hakuwahi kuoa, alimpigia simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nasahihisha insha."

"Insha haziliwi."

"Kuna mmoja kaandika ukurasa mzima bila kupumua."

"Kama mimi nikianza kukusifia."

Mwezi Oktoba Dastan alikwenda kuposa Bugene, kwa Mzee Mutalemwa, baba yake Placida. Kwa mila, mposaji hafungui mdomo siku hiyo. Mshenga ndiye husema. Mshenga alikuwa Mzee Rwegoshora, mtu wa maneno matamu. Placida alisikiliza nyuma ya pazia pamoja na shangazi yake Evangelina.

"Binti yenu amezunguka na vitabu vya kutosha," mshenga alisema. "Sasa atatua Kanoni. Kazi ya chuo ataiacha, apalilie kahawa na kulea watoto."

Wazee wakapiga makofi. Dastan alishtuka, lakini akainamisha kichwa.

Kesho yake Placida alipanda basi la Mwanza. Kwa muda mrefu hakupokea simu. Siku alipopokea, Dastan hakungoja hata salamu.

"Sikumtuma aseme vile. Aliyatunga mwenyewe."

"Ulikuwepo, ukanyamaza."

"Mposaji akisema anawatukana wakwe."

"Basi mimi nimeposwa na Mzee Rwegoshora. Idara siiachi, Dastan. Niliiomba kwa Mungu kabla sijakufahamu."

Akakata. Lakini kila alipopiga magoti kanisani, sala ilimpotea katikati, akauona ukungu juu ya mibuni ya Kanoni na mtu akitembea ndani yake.

Krismasi alirudi nyumbani. Siku iliyofuata Dastan aliingia na mshenga wake. Alivaa suti nyeusi iliyompwaya mabegani, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa tope. Mzee Rwegoshora alikohoa ili aanze. Dastan akasimama.

"Baba, samahani. Leo naomba nijisemee."

"Yesu wangu!" Shangazi Evangelina alijishika mdomo. "Mposaji anasema!"

"Umenivua nguo, kijana," mshenga alinung'unika.

Mzee Mutalemwa aliinua mkono. "Aseme. Mbuzi wa faini ataleta baadaye."

Pazia lilikuwa limefunguka, na Placida alisimama mlangoni. Dastan akawageukia wazee.

"Wazee, nitasema vibaya, sijasomea. Maneno ya siku ile hayakuwa yangu. Placida ataendelea kufundisha. Chuo kikifungua, nitamsindikiza stendi mimi mwenyewe. Na kazi ikimzuia kuja Kanoni, nitamfuata Mwanza, nimpikie akisahihisha."

"Mwanamume apike?" shangazi aliuliza.

"Nitapika, shangazi. Mungu anasikia, na ninyi mnasikia."

Hata Mzee Rwegoshora alicheka, bila kupenda. Mzee Mutalemwa akamgeukia binti yake.

"Profesa, umesikia?"

Placida alitoka mlangoni, akapiga magoti mbele ya baba yake, kisha akainua uso ili wote wamsikie.

"Nimesikia, baba. Nami naahidi mbele yenu nyote: nitaolewa na Dastan, na Kanoni patakuwa nyumbani kwangu."