Mashua Iliyorefushwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mshale alimsaidia shangazi yake kuchota maji yaliyojikusanya ndani ya mashua. Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu ya mbio zake. Shangazi naye hakuwa mtu wa mchezo: alikuwa mwanamke pekee aliyevusha abiria ziwani, na watu walitania kwamba hata mawimbi yalimwamkia.

Jumamosi hiyo wanariadha wa shule walijazana gatini. Mashindano yalikuwa ng'ambo, na Mshale alikuwa ameyangoja mwaka mzima. Mashua ilipendeza kweli, kwani jana yake fundi alikuwa amemaliza kuirefusha na kuifungia injini kubwa.

"Hatuendi na hii," shangazi akasema.

"Kwa nini, shangazi? Cheti cha usajili si tunacho? Na tarehe yake bado!"

"Tarehe bado, lakini cheti hakifai tena. Kilitolewa kwa mashua fupi yenye injini ndogo. Hii nani ameipima? Nani anajua inabeba watu wangapi?"

"Lakini ni leo tu! Nani atajua?" Machozi yalimlengalenga Mshale.

"Mimi najua. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Mpaka hapo haibebi mtu."

Kisha akamwita Domokaya, mwenye mashua nyingine, mshindani wake aliyegombania naye abiria kila siku. "Kaka, nivushie wanangu hawa. Nauli yote yako."

Domokaya akaisogeza mashua yake gatini. Aliwavusha salama, na Mshale akashika nafasi ya pili.

Jumatatu mkaguzi alipakia magunia ya mchanga badala ya watu. Hayajafika hata nusu, mashua ikalala upande na maji yakaanza kuingia. Mshale akawakumbuka rafiki zake waliojazana gatini. Fundi aliitwa akarekebisha kasoro, mashua ikapimwa upya, na siku chache baadaye cheti kipya kikatolewa.

"Shangazi, nisamehe. Mimi ningewapakia," Mshale alisema. Hakuwahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu shangazi yake siku ile.

Shangazi akamshika bega. "Cheti ni ahadi kwa abiria, mwanangu. Ukibadilisha chombo, ahadi ile imekwisha, hata kama karatasi bado inang'aa. Anayepanda mashua yangu haniulizi kitu, ananiamini tu. Ndiyo maana lazima nijiulize mwenyewe."