Rimoti Iliyogoma Siku ya Posa

"Shadia mpenzi, niokoe! Rimoti imegoma."

"Imegomaje?"

"Nabonyeza, kompyuta haisikii. Jana ilikuwa nzima, leo imekufa. Nimebadilisha betri mara mbili."

"Huko Ilagala una haraka gani na televisheni saa nne asubuhi?"



"Kazi imenichosha tu, mpenzi. Nataka kupumzisha akili."

Shadia aliweka bisibisi mezani, akatabasamu peke yake. Binti wa watu alikuwa amekolea. Kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta pale Kasingirima kilijulikana Ujiji nzima, lakini moyo wake ulikuwa na mteja mmoja tu, naye ni Pazi. Miaka mitatu anaambiwa subiri, posa inakuja. Miezi miwili iliyopita Pazi alimuaga kwamba amepata kazi ya kufunga sola Ilagala, akirudi tu wazee wanatumwa. Shadia akampa kompyuta ya kuendeshea televisheni, aliyokuwa ameiunda kwa ajili ya nyumba yao ya baadaye. Lilikuwa kasha la zamani alilolifufua, akalitia mfumo wa Linux, akalifungia jicho la kupokea mwanga wa rimoti, kisha akakaa wiki nzima akiifundisha kompyuta kitufe kimoja kimoja. Ukibonyeza hiki, mpira. Ukibonyeza kile, tamthilia. Alimpa ili asiwe mpweke.

"Haya, tuanze. Ukiigusa kwa kibodi inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi ugonjwa uko kwenye rimoti au kwenye jicho. Fungua ile skrini nyeusi. Andika sudo, nafasi, ir, kistari, keytable, nafasi, kistari, t."

"Inadai nywila."

"Si jina langu? Umesahau?"

"Aa, sawa... nimeweka," Pazi alijibu kwa sauti ya chini.

"Mbona unanong'ona?"

"Koo tu."

"Bonyeza rimoti sasa. Namba zinatokea kwenye skrini?"

"Hata moja."

"Basi tuitazame rimoti yenyewe. Mwanga wake macho ya mtu hayauoni, lakini kamera ya simu inauona. Nipigie ya video."

"Video? Mtandao wa huku si unaujua..."

"Pazi, unataka ipone au hutaki?"

Video ikaja. Picha ilipita kwanza juu ya kompyuta, na Shadia akaona ugonjwa papo hapo. Mtu alikuwa ametandika kitambaa kizito cheupe, kimedariziwa maua ya kila rangi, kikafunika kasha lote na kuning'inia hadi mbele. Jicho halikuwa linaona kitu. Shadia nusura acheke. Alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: toa kitambaa.

"Hebu bonyeza hapo," Shadia alimsikia Pazi akimwambia mtu.

Ukaingia mkono kwenye picha. Mkono laini, una hina mbichi ya maua mpaka kwenye kiwiko. Kidole kikabonyeza, na pale mbele ya rimoti kikawaka kitone cha zambarau. Rimoti ilikuwa nzima.

"Pazi," ikasema sauti ya kike, "baba anasema wazee wenu wameshatoka Mwandiga. Hiyo kompyuta yako isije ikatutia aibu mbele ya wageni, maana ameisifia kwao mpaka basi."

Simu ikayumba. Kabla haijakatika, Shadia aliona kalenda kubwa ukutani: *Mwinshehe, Dagaa wa Jumla, Katonga.*

Haikupita dakika, Pazi akapiga tena.

"Ilikatika, mpenzi. Yule ni jirani tu hapa."

"Jirani kapaka hina nzuri."

"Ana sherehe yake. Sasa, ugonjwa umeuona?"

Ilagala gani yenye kalenda ya Katonga, mwendo wa bodaboda tu kutoka hapa? Maneno mawili yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Shadia akayameza.

"Nimeuona, ni mkubwa. Usiguse kitu, usizime. Nipe nusu saa."

"Ndiyo maana nakupenda, Shadia."

"Najua."

Alifunga kibanda, akatupia begi la vifaa begani, akasimamisha bodaboda.

"Katonga, kwa Mwinshehe wa dagaa."

"Na wewe unakwenda kwenye posa, dada?" kijana wa bodaboda aliuliza wakiwa njiani. "Mzee ana raha! Amesema binti yake Yusra hampi mtu asiye na ufundi mkononi. Sasa kapata mkwe aliyeunda kompyuta ya televisheni kwa mikono yake mwenyewe. Kaitangaza soko zima."

"Kwa mikono yake?"

"Mikono yake hiyo hiyo."

Kusalitiwa kuliuma, lakini hili liliuma zaidi. Mwanaume anakwenda kuchumbia kwa jasho lako, tena anakupigia simu umsaidie aonekane! Shadia hakulia. Alipanga maneno yake moja baada ya jingine, kila moja alilitaka limchome Pazi pale pale penye mfupa. Simu ikatetemeka.

*Mpenzi nusu saa imeisha. Umefikia wapi?*

Alishuka, akavuka uani penye harufu ya pilau na dagaa waliokaushwa, akavua viatu. Hapo ndipo alipojibu.

*Mlangoni.*

Sebuleni Pazi alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Alisoma ujumbe, akageuka, akamwona. Rimoti ikamponyoka.

"Hodi wenyewe. Shikamooni."

"Marahaba, karibu mwanangu," alijibu Mzee Mwinshehe, mtu wa kitambi na kofia ya kufuma, aliyekaa na mkewe upande mmoja. Upande wa pili walikaa wageni watatu, wakiongozwa na Mzee Gharib, mjomba wa Pazi. "Wewe ni nani vile?"

"Naitwa Shadia, fundi wa Kasingirima. Pazi ameniita kwa ajili ya rimoti."

"Kaita fundi?" Mzee alimtazama mkwe mtarajiwa. "Si uliniambia umeiunda mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee." Pazi aliinuka. "Huyu ni... msaidizi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi."

Hapo Shadia akacheka. Kama alikuwa amebakiza huruma hata ya kujazia kijiko, ilimwagika hapo.

"Kweli, mzee, huyu ni mwalimu wangu. Na leo ni siku njema, wageni wapo, ngoja nimuulize mwalimu maswali mawili matatu nipate kujifunza."

"Uliza, uliza," Mzee alikubali, akijiweka sawa kitini.

"Mwalimu, kamera imeonyesha rimoti inawaka. Skrini nyeusi haionyeshi namba. Ugonjwa uko wapi?"

"Ni... virusi."

"Virusi kwenye rimoti?" aliuliza Yusra, aliyekuwa amesimama kando ya pazia. Shadia akautambua mkono wa hina.

"Virusi vya kompyuta," Pazi akajirekebisha. "Linux ina virusi vingi."

"Sawa. Na jicho la kupokelea umelifunga kwenye waya zipi?"

"Zile... nyekundu."

"Zote nyekundu?"

Mzee Gharib akakohoa. Pazi akamkazia Shadia macho ya kuomba, yale macho ambayo kwa miaka mitatu yalikuwa yakimpatia chochote anachotaka. Leo hayakumpatia kitu.

"La mwisho, mwalimu, halafu nakuachia. Kila kitufe cha rimoti hii kimeandikwa kazi yake kwenye faili. Uliliandika wewe. Lifungue hapo kwenye televisheni wazee waone ufundi wako."

Pazi alikaa kwenye kibodi. Akaandika, akafuta, akaandika. Skrini ikamjibu kwamba haimwelewi. Akajaribu tena.

"Mbona leo imekuwa ngumu?" Mzee Mwinshehe aliuliza, na kicheko kilikuwa kimeshamtoka usoni.

"Sogea kidogo, mwalimu," Shadia akasema. Akainama, akaandika mstari mmoja. Maandishi yakajaa kwenye televisheni. "Dada Yusra, nisaidie kusoma. Vumbi la barabarani limeniingia machoni."

Yusra akasogea.

"Kitufe chekundu, mpira wa Pazi," alisoma kwa sauti. "Cha kijani, tamthilia zangu. Cha njano, kaswida za mama mkwe. Cha bluu..."

Akageuka kumtazama Shadia.

"Soma tu, dada."

"Cha bluu, kisitumike. Tumwachie mtoto wetu." Yusra akashuka mstari wa mwisho. "Imeandikwa na Shadia, Kasingirima, kwa ajili ya nyumba yetu."

"Mawe, mama yangu!" Mama Yusra alijishika kichwa.



"Mzee, naomba nieleze," Pazi alianza.

"Hebu nieleze mimi," Yusra alimkata. "Miezi miwili unashinda hapa kwetu. Huyu dada ulimwambia uko wapi?"



"Ilagala," Shadia akamjibia. "Anafunga sola."

"Wallahi mimi niliambiwa hana mtu," Mzee Gharib alisema, akilitazama zulia. "Tungejua, tusingekanyaga hapa."

Mzee Mwinshehe alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mzee Gharib, chai mtakunywa na pilau mtakula, kwangu mgeni haondoki na njaa. Lakini jibu la posa yenu mmeshalisoma wenyewe kwenye televisheni."

Yusra aliokota rimoti sakafuni, akamkabidhi Shadia kwa mikono miwili.

"Dada, sikujua."

"Najua hukujua. Nimekuona ulivyosoma."

"Ningejua, mkono huu nisingeupaka hina."

Pazi akamsogelea Shadia, akamnong'oneza kwa meno yaliyobana.

"Umeridhika sasa? Umenivua nguo mbele za watu."

"Bado. Kuna mzigo wangu hapa."

Akachomoa nyaya moja moja bila haraka, akiwaacha wazee wamtazame Pazi kwa kadiri walivyotaka. Akakitoa kile kitambaa juu ya kasha, akakikunja vizuri, akampelekea Mama Yusra.

"Mama, kitambaa kizuri mno. Umekidarizi mwenyewe?"

"Mwenyewe, mwanangu. Nilikitandika jana jioni, pale mbele papendeze kwa wageni."

Pazi alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, akasikia kila neno. Wala hakushtukia kitu. Shadia alimtazama akajiuliza miaka mitatu alikuwa anapenda nini.

Njiani kurudi ndipo machozi yalipomtoka, kompyuta ikiwa mapajani, kijana wa bodaboda akijifanya haoni. Alilia toka Katonga hadi Kasingirima. Alipofika alinawa uso, akamalizia simu ya mteja aliyeahidiwa alasiri, kisha akaiwasha kompyuta yake. Akabonyeza rimoti. Ikaitika mara ya kwanza.

Jioni ujumbe ukaanza kumiminika.

*Shadia nisamehe. Shetani alinipitia.*

*Moyo wangu uko kwako, yule ni wazazi walinisukuma.*

*Mjomba hataki hata kuniona. Nijibu basi.*

Shadia alikunywa chai yake. Ujumbe wa nne ukamfanya aweke kikombe chini.

*Basi angalau niambie kitu kimoja. Nimeuliza mafundi wawili wa sokoni Mwanga, wote hawajui. Ile rimoti ilikuwa na ugonjwa gani?*

Huyu ndiye Pazi. Amepoteza wanawake wawili kwa asubuhi moja, na kinachomkosesha raha ni rimoti. Shadia akaandika:

*Kitambaa kilifunika jicho. Nilikiona kwenye video, kabla sijauona mkono.*

Akasubiri alama zionyeshe kwamba ameusoma. Zikaonyesha. Pazi akaanza kuandika, akaacha, akaanza tena, na Shadia akaifungia namba yake hapo hapo. Kisha akavuta kibodi, akafungua lile faili, akalifuta jina la Pazi kwenye kitufe chekundu. Cha bluu alikiacha kama kilivyo.