Uwanja Usiokanyagwa

Kila siku baada ya masomo Kinara alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo vya mchana, kukunja nguo zilizoanikwa, na kumsukuma mdogo wake hadi uwanjani. Mbili za kwanza alizilipua. Ya tatu aliifanya kwa moyo wake wote.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba wa nyumba ile, kwa hiyo kila mtu alimwita Kitinda. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu alipozaliwa, naye alitembelea kiti cha magurudumu. Mikono yake, hata hivyo, ilikuwa na nguvu, na mdomo wake pia.

"Dada, fanya upesi bwana!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Watafunga mabao yangu yote!"

Tuseme ukweli, uwanja wenyewe ulikuwa wa kusikitisha. Getini kulikuwa na ngazi tano, maana aliyelijenga geti hilo hakuwahi kufikiria kwamba kuna watu wasiopanda ngazi. Choo kilifungwa tangu Kinara akiwa darasa la pili. Pete ya goli la netiboli la wasichana ilichomelewa na fundi wa mtaani ikapinda upande wa kushoto, na Kitinda alikuwa amekwisha kujifunza kulenga kulia kidogo ili mpira uingie. Lakini ardhi chini ya goli lile ilikuwa ngumu na tambarare. Mitaani kulikuwa na mchanga na mashimo, na shuleni kulikuwa na kokoto. Mahali pengine ambapo magurudumu yale yangeweza kuzunguka hapakuwepo.

Mtunza uwanja alikuwa mjomba wao, kaka wa mama yao. Yeye ndiye aliyekata uzio upande wa nyuma na kulaza mbao juu ya mtaro ili mpwa wake apite. Jumatatu moja aliwapokea akiwa na uso mzito.

"Ofisi ya mipango ya mji inaleta mtu wiki hii," alisema. "Wanataka kuamua. Ama wautengeneze uwanja huu, ama waufanye maegesho ya malori. Bajeti yao inatosha jambo moja tu."

"Watautengeneza na njia ya kiti changu?" Kitinda aliuliza.

"Wakiutengeneza, njia itakuwepo. Nimeiona kwenye mchoro."

Kinara hakupewa jina lile bure. Alipenda kuongoza kila kitu, hata pale ambapo hakuna aliyemchagua. Akakumbuka jinsi mama yao anavyofanya wageni wanapotarajiwa: sebule husafishwa, vitambaa vya makochi hufuliwa na kunyooshwa, kisha watoto hufukuzwa wote, na ole wake atakayekalia kochi kabla ya mgeni.

"Mjomba, tuusafishe," alisema. "Tupande nyasi pale penye upara, tupake mawe chokaa, halafu asikanyage mtu mpaka mgeni aje auone!"

Mjomba alijikuna kidevu. Hata yeye alilelewa katika nyumba yenye sebule kama ile. "Wazo zuri," alisema.

Wakafanya kazi mpaka viganja vikaota malengelenge. Kufikia Jumatano uwanja ulikuwa umependeza kama bibi harusi. Kinara alifunga kamba kuuzunguka, akasimama getini mikono kiunoni. Vijana wa mpira waliondoka wakinung'unika. Kisha akaja bibi mmoja ambaye aliagizwa na daktari kuuzunguka uwanja mara nne kila jioni.

"Bibi, shikamoo. Tafadhali vumilia, siku chache tu."

"Marahaba. Na sukari yangu je, umeiambia ivumilie?" Bibi akageuka, akarudi nyumbani kwake polepole.

"Na mimi?" Kitinda aliuliza.

"Magurudumu yako yatachimba nyasi, mdogo wangu. Vumilia na wewe."

Kitinda hakujibu. Kwa mtoto yule, kunyamaza hakukuwa dalili njema, lakini Kinara alikuwa na shughuli nyingi.

Saa kumi jioni ya siku ile alitokea kijana mwenye faili kwapani, karani wa ofisi ya mipango. Alisimama getini, akatazama, akaandika, akaenda zake. Alhamisi akaja tena. Ijumaa Kinara akajipa moyo, akamsogelea.

"Shikamoo, karani. Umeona uwanja wetu ulivyo safi?"

"Marahaba. Ni safi kweli. Watu huwa hawaingii?"

"Haingii mtu!" Kinara alisema kwa fahari.

"Hata jioni?"

"Hata mmoja. Tunautunza!"

Karani akaandika. Kinara alikimbia nyumbani kifua mbele, akamsimulia mama yake mara mbili.

Wiki iliyofuata karatasi ilibandikwa getini. Uwanja ungefungwa mwishoni mwa mwezi. Malori yangekuja.

Mjomba alivaa shati lake la heshima, wakaenda yeye na Kinara hadi ofisi ya mipango. Waliketi kwenye benchi asubuhi nzima, wakitazama mafaili yaliyofungwa kwa kamba na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Ukutani kulikuwa na ramani ya mji. Kinara aliutafuta uwanja wao, akaukuta umeshapakwa rangi ya kijivu, rangi ya maegesho.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama mtu mzima, miwani yake ikining'inia kifuani. Aliivaa, akafungua faili, akasoma.

"Watumiaji wa uwanja. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna. Ijumaa, hakuna. Msichana aliyekutwa getini amethibitisha kwamba haingii mtu, hata jioni."

Ndipo Kinara alipoelewa. Kumbe yule karani hakutumwa kuangalia nyasi. Alitumwa kuhesabu watu.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama. "Mama, msichana huyo ni mimi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Watu huingia kila siku. Nimewafukuza mimi, ili muone pamependeza."

"Na mimi nilikubali," Mjomba aliongeza kwa sauti ya chini. "Mtu mzima na ndevu zangu."

Mkuu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mwanangu, mimi niliwekewa mezani uwanja usio na watu na malori yasiyo na mahali. Ungekuwa wewe, ungeamua nini?"

Mkuu akafunga faili.

"Bajeti imepita. Fedha zimekwenda kwenye maegesho, siwezi kuzirudisha. Mwakani baraza litakaa tena. Leteni majina ya watu wanaohitaji uwanja, majina ya kweli, nami nitayaweka kwenye faili. Lakini siwaahidi chochote. Sijui hata kama kuna kiwanja kilichobaki."

Walirudi kwa miguu. Njia nzima Kinara alilia, na Mjomba akamwacha alie. Karibu na nyumbani ndipo aliposema, "Nisikilize, mpwa wangu. Akija mtu wa kukusaidia, mwonyeshe mahali panapouma. Tulimwonyesha chokaa na nyasi. Tukamficha bibi mwenye sukari, tukamficha na mdogo wako. Mtu hasaidii asichokiona. Umesema kweli leo, na umefanya vyema, ingawa imechelewa. Siku nyingine iseme mapema."

Jioni ile Kinara alipiga magoti mbele ya kiti cha mdogo wake, akamweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo hakuna njia ya kiti," Kitinda alisema.

"Hakuna."

Kitinda akageuza kiti chake kuelekea ukutani.

Mwisho wa mwezi mafundi walizungusha mabati. Goli lenye pete iliyopinda liling'olewa na kutupwa juu ya lori. Watu wa mtaa walisimama nje kutazama: vijana wa mpira, bibi aliyeagizwa kutembea, watoto wa kila umri. Kinara alikuwa na daftari mkononi, lakini kalamu haikusogea.

"Niandike nini, Mjomba? Ndani hakuna mtu."

"Andika waliobaki nje."

Akaanza. Bibi alikubali kuandikwa, baada ya kumsema vya kutosha. Kijana mmoja wa mpira alikataa, akasema ni kupoteza muda, na huenda alikuwa sahihi. Mwishowe Kinara alifika kwenye kiti cha magurudumu, akaandika jina la mdogo wake na umri wake.

"Andika na kwamba nafunga mabao," Kitinda alisema.

"Hawajauliza hilo."

"Si ni kweli?"

"Ni kweli," Kinara alijibu, akaliandika.