Mistari Nyuma ya Mlango

"Zima taa."

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la baba mwenye nyumba kila alipoingia ndani, hata kabla ya salamu. Alikuwa dereva wa lori la maji. Mtaani walimwita Zima-Taa, na yeye aliitika bila kununa.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare kiwandani. Walikuwa na binti mmoja wa miaka minane. Nyumba yao ya vyumba vinne waliinunua kwa mkopo wa benki, wa kulipwa kwa miaka kumi na tano. Waliipata kwa bei ya chini, maana ilikuwa nyumba ya mnada. Nani alikaa pale zamani? Hawakuuliza. Mtu akipata kizuri kwa bei rahisi, mdomo hujifunga wenyewe.

"Miaka kumi na tano ni kifungo," alisema Zima-Taa. "Tujibane, tulipe upesi. Haba na haba hujaza kibaba."

Wakajibana kweli. Waliuza televisheni. Walipika mara moja kwa siku. Chumba cha nyuma walikifunga kwa kufuli, ili kisile umeme wala sabuni. Kila tarehe tano mshonaji alikwenda benki kulipa rejesho la mwezi, na juu yake akaongeza kila kilichobaki. Nikisema kila kilichobaki, sitanii. Ikifika tarehe sita, mkoba wake ulikuwa na nauli na uzi tu.

Akirudi kutoka benki, alichora mstari mmoja nyuma ya mlango wa stoo. Nyongeza moja, mstari mmoja. Penseli aliikuta palepale juu ya fremu ya mlango, siku waliyohamia. Mistari ile ilimpa moyo.

Ila nyumba ilikuwa na mambo yake.

Kila siku saa kumi alasiri, chumba kilichofungwa kilitoa sauti. Krrr. Ni kama mtu anavuta kiti. Binti ndiye aliyeisikia kwanza.

"Mama, kuna mtu anakaa kule nyuma."

"Hakuna mtu, mwanangu. Ufunguo anao baba yako."

"Basi yumo ndani na hana ufunguo."

Mshonaji alicheka, lakini alichukua kazi yake ya kushona akahamia uani.

Jumapili moja Zima-Taa alipata wazo. Atoboe tundu ukutani, kati ya jiko na sebule. Balbu ikining'inia katikati ya tundu, itamulika pande zote mbili. Balbu moja, vyumba viwili! Alichora mraba kwa chaki, akapiga nyundo. Plasta ikaporomoka yenyewe. Nyuma yake palikuwa na tundu la zamani, limezibwa kwa matofali. Lilikuwa mraba uleule, kipimo kilekile. Juu yake waya wa balbu ulikuwa bado unaning'inia.

"Kazi imeshafanywa," alisema Zima-Taa. Alicheka, lakini mwenziwe hakumuunga mkono.

"Imefanywa na nani?" aliuliza mshonaji.

"Na mtu mwenye akili kama mimi."

"Na yuko wapi huyo mwenye akili?"

Zima-Taa alibomoa yale matofali. Aliokota vipande vya plasta, kimoja kimoja.

Halafu kulikuwa na yule mwanamke. Kila tarehe tano, saa kumi, alisimama ng'ambo ya barabara. Alivaa nguo zilizonyooshwa vizuri, zisizo na kunyanzi hata moja. Aliitazama nyumba, midomo ikimcheza kama anayehesabu. Kisha aliondoka. Hakuomba kitu, wala hakumsalimu mtu.

Mwezi wa ishirini na tisa mvua zilikuwa nyingi, na stoo ikaingia unyevu. Mshonaji alikwenda kuchora mstari wake, rangi ya mlango ikabanduka mkononi. Chini ya rangi kulikuwa na mistari mingine ya penseli. Aliihesabu. Kwake ilikuwa ishirini na tisa. Ile ya chini ilikuwa thelathini na mmoja. Ule wa mwisho ulikuwa nusu tu, umekatika katikati. Baada ya huo hapakuwa na mstari mwingine.

Alimwita mumewe. Zima-Taa alipitisha kidole juu ya mistari.

"Ni rangi tu," alisema mwishowe.

"Rangi haihesabu, mume wangu. Kuna watu walijibana humu kama sisi. Walitoboa tundu lako, wakachora mistari yangu. Wakafika thelathini na nusu, nyumba ikaenda mnadani. Mimi naogopa."

"Hata mimi," alisema Zima-Taa, kwa sauti ya chini. "Lakini tufanyeje? Tuache kulipa?"

Tarehe tano iliyofuata mshonaji alilipa. Alichora mstari wa thelathini. Kisha alichungulia dirishani. Yule mwanamke alikuwa amesimama mahali pake. Safari hii mshonaji alivuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho ya yule mama hayakutoka kwenye dirisha. "Mmefika mingapi?"

Mshonaji alirudi nyuma hatua moja. "Mingapi nini, mama?"

"Mistari. Penseli niliiacha juu ya fremu."

"Thelathini."

"Basi bado mmoja," alisema yule mama.

Mshonaji alimkaribisha ndani. Mgeni hakuonyeshwa njia. Aliruka kigae kilicholegea mlangoni bila kukiangalia, akaketi jikoni. Aliliona tundu ukutani, akatikisa kichwa polepole.

"Mimi ni mpiga pasi, kwa dobi wa barabara ya pili," alieleza. "Nyumba hii tuliinunua mimi na marehemu mume wangu. Nayo ilikuwa ya mkopo. Na sisi tulitaka kumaliza mapema. Tarehe tano ilikuwa siku yangu ya kulipa. Miguu bado inakuja yenyewe."

"Ikawaje, mama?"

"Kila kilichobaki tulipeleka benki. Mwezi wa thelathini na moja mume wangu alianguka kazini, akavunjika mguu. Miezi minne hakupata mshahara. Nilikwenda benki nikawaambia, jamani, tumelipa zaidi miezi yote hii, nirudishieni kidogo. Wakasema, pesa ikishapunguza deni haitoki tena. Na rejesho la mwezi huu liko wapi? Sikuwa na hata senti. Ule mstari wa mwisho nilianza kuuchora kwa mazoea. Nikakumbuka sina kitu. Nikaacha mkono hapo."

Mlango ulifunguliwa.

"Zima..." alianza Zima-Taa. Alimwona mgeni, akanyamaza. Alisimuliwa yote upya, akakaa chini na kofia yake mkononi.

"Lakini mama," alisema, "pesa ikikaa pembeni inaliwa. Mimi najijua."

"Mwanangu, ukiwa na mwavuli siku ya jua, utautupa? Kujibana si kosa. Deni likiisha mapema, riba mnayolipa inapungua. Kosa letu lilikuwa kuipa benki kila kitu, tukabaki uchi. Anzeni na akiba ya dharura. Iwe ya kutosha miezi mitatu: rejesho, chakula na dawa. Iwekeni kwenye akaunti nyingine, msiiguse. Ikijaa, ndipo mrudi kwenye nyongeza. Na kile chumba cha nyuma mmekifungia nini? Chumba kilichofungwa hakileti kitu. Kipangisheni."

"Kina sauti," alisema binti.

"Ni bati, mjukuu wangu. Jua likipungua linapoa, linalia."

"Hata siku za mvua?"

Mpiga pasi alivuta kikombe. Alikunywa chai yake.

Kesho yake mume na mke waliomba ruhusa kazini, wakaenda benki. Ofisa wa mikopo aliwasikiliza, akafungua faili lao.

"Mama yule amewaambia kweli," alisema. "Mimi naongeza machache. Kila mkilipa zaidi, andikeni barua kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi, yaani ile pesa mliyokopa, bila riba. Bila barua, nyongeza yaweza kuhesabiwa kama rejesho la miezi ijayo. Hapo deni la msingi linabaki vilevile."

Mshonaji alishtuka. "Na zetu thelathini?"

"Mumeo aliandika barua mwanzoni, ya nyongeza zote. Hizi hapa, zimeingia kwenye deni. Lakini ombeni taarifa ya mkopo kila mwaka, muone wenyewe. Someni mkataba pia. Benki nyingine hutoza ada ukimaliza mapema. Na kabla ya kupangisha chumba, leteni barua ya kuomba kibali."

"Na tukikwama?"

"Njooni mapema, kabla hamjakosa rejesho. Wengi hujificha. Anayejificha hatuwezi kumsaidia."

Waliacha nyongeza kwa miezi minane. Mlango wa stoo haukuchorwa. Akiba ilijaa taratibu. Walirudi kupika mara mbili kwa siku, maana binti alikuwa amekonda, na tumbo la mtoto si mahali pa kubana matumizi. Kibali kilipotoka, walifungua chumba cha nyuma. Mpangaji wao alikuwa mpiga pasi mwenyewe. Alikuja na kitanda, pasi na kiti kimoja cha mbao.

Aliweka kiti kando ya dirisha, akakivuta ili akae. Krrr.

Wote watatu waligeuka.

"Ndiyo hiyo," alisema binti kwa sauti ndogo. "Sauti yenyewe."

Mpiga pasi aliutazama ukuta, kisha kiti chake. "Hapa ndipo kilipokaa siku zote," alisema. Tangu siku ile haikusikika sauti nyingine saa kumi, ila ya kiti chake.

Mwezi wa kuanza tena nyongeza ulifika. Mshonaji alichora mstari wa thelathini na moja. Aliuvuta mpaka chini. Wiki moja baadaye kampuni ya maji ilisimamisha malori yote, na Zima-Taa akarudi nyumbani bila kazi.

Mshonaji aliketi sakafuni stoo, akalia. Aliona ile nusu ya mstari inamngoja.

"Inuka," alisema mpiga pasi. "Mimi sikuwa na mwavuli. Wewe unao."

Miezi mitatu akiba ililipa rejesho. Ililipa unga, ililipa dawa ya kikohozi cha binti. Ilibaki kidogo sana siku malori yaliporudi barabarani. Nyumba haikwenda popote. Wakajaza akiba kwanza, kisha wakaendelea na mistari.

Mwaka wa tisa walimaliza, miaka sita kabla ya wakati. Benki iliwapa barua ya kufunga mkopo na hati ya nyumba. Walikwenda ofisi ya ardhi, jina la benki likafutwa kwenye hati. Ofisa wa mikopo alikuwa amewakumbusha: bila kufuta, kazi haijaisha.

Tarehe tano ile, saa kumi alasiri, walisimama wote mbele ya mlango wa stoo. Mshonaji alimpa mpiga pasi penseli. Ilikuwa imebaki kipande kama cha kidole.

"Mstari wa mwisho chora wewe, mama."

Mpiga pasi aliinama. Hakuugusa mstari wao. Alitafuta wake, ule uliokatika, akauendeleza polepole mpaka ukawa mzima. Kisha akalia, na hakujificha.

Zima-Taa alikohoa. Aligeuka, akatazama ukumbi uliokuwa na giza.

"Washa taa," alisema.

Binti, sasa msichana wa miaka kumi na saba, alidhani hakusikia vizuri. "Zote, baba?"

"Zote. Za vyumba vyote vinne." Alifikiri kidogo. "Kwa dakika kumi."