Vidonge vya Mshona Magauni

Mama Redio, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa mbele ya wateja kuwa mshonaji kameza vidonge vya kutoa mimba, ndiyo maana akaanguka juu ya gauni la bibi harusi wa watu. Habari ikafika karakana ya kuchomelea kabla mgonjwa hajafumbua macho vizuri. Mchumba wake akaja mbio, miwani ya kazi bado kichwani.

"Mimba ya nani?"

"Hujauliza hata kama nimeumia."

"Nijibu. Vidonge vya nini?"

Mshonaji akatazama mlangoni. Mama Redio alikuwa amesimama pale pale, shingo mbele.

"Jirani, jikoni kwako kunaungua."

"Sijawasha jiko leo, mwanangu."

"Basi nenda kaliwashe."

Mlango ukafungwa.

"Ni vya malengelenge ya sehemu za siri," akasema taratibu. "Virusi vyake havitoki mwilini, dawa inavituliza tu."

Mwanaume akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

"Vitupe. Vinakuua. Wanasema vinaozesha figo."

"Nimempigia nesi. Kanigombeza mimi, hakuigombeza dawa. Wengi haiwadhuru, kichwa na kichefuchefu huja vikapita. Ila inataka maji, na mimi nikishona kitambaa cheupe siweki hata kikombe mezani, tone moja laharibu kazi. Vidonge nameza kwa mate, na hili joto la pasi."

Akamsogezea simu. Ujumbe wa nesi ulikuwa wazi:

"Kunywa maji, kisha njoo leo nikupime figo. Ukikosa mkojo au ukianza kuchanganyikiwa, usisubiri. Mwenzio naye aje."

Akausoma, akaurudia.

"Sasa ugonjwa huu umeupata wapi?"

"Kabla yako sijalala na mtu. Unalijua hilo kuliko Mama Redio."

"Sijakulaumu."

"Utanilaumu vipi, na umekuja umeshahukumu?"

Mshonaji akajiinua kwa kiwiko, kizunguzungu kikamrudisha chini.

"Tulipoanza ulikuwa na vidonda juu ya paja. Ukasema ni cheche za kazi, zimepenya suruali. Nikakupaka mafuta kwa mkono wangu huu."

Mchomeleaji akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati.

"Sitaki tuachane. Wala sitaki uape. Niambie tu, mpenzi, ulikuwa unajua?"

Akaendelea kufuta kioo kilichokwisha takata.